Alama ya Masikio Aliyoitunza Baba

Gárdejohka,
Finnmárku.
14 Februari 2021

Mpendwa mdogo wangu Issát,

Salamu nyingi zikufikie huko Stavanger, iwe uko nchi kavu au uko kwenye ule mtambo wenu wa mafuta baharini. Hujambo? Kifua kinaendeleaje baada ya ule ugonjwa uliokulaza Novemba? Na mguu ulioteguka, umeacha kuchechemea? Mimi sijambo, ila bega la kushoto linaniuma kila baridi inapozidi, na mwaka huu imezidi. Binti yangu Ravdna hajambo. Amerefuka, sasa ananifikia begani, lile lile linaloniuma. Binamu yetu Áilu na mkewe wazima. Baba yupo, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani, lakini nitazifikia kwa mwendo wangu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unaujibu kwa kale kapicha ka kidole gumba. Nilikuandikia kwamba Baba amehamia nyumba ya wazee, ukaleta kidole. Nikakuandikia kwamba mto umeganda mapema, ukaleta kidole kile kile. Karatasi haina kidole, kwa hiyo itabidi useme kitu.

Hapa kijijini tunaishi kwa matangazo. Leo tunaruhusiwa kuwa na wageni, kesho haturuhusiwi, keshokutwa tunaruhusiwa tukikaa mbalimbali. Watu wa huku kukaa mbalimbali hakutusumbui sana, unatujua. Kinachotusumbua ni kuamriwa.

Shuleni bado nafundisha kazi za mikono. Vuli yote niliwashonesha watoto barakoa kwa mabaki ya kitambaa cha gákti, kile kile cha buluu tunachoshonea mavazi ya sikukuu, na kila mtoto akatia utepe wa kwao. Mwalimu mkuu wetu, Bi Ragnhild, ambaye ni mtu wa kusini na si mbaya, alipendekeza utepe uwe wa aina moja ili zote zifanane. Nikamwuliza kama watoto nao tuwaite wote jina moja. Akaliacha jambo hilo. Sasa dukani watu wamefunika nyuso na bado kila mmoja anajua nani katoka nyumba gani, na nani amenunua nini.

Siku yetu, Siku ya Wasaami, mwaka huu iliangukia Jumamosi, shule ikaiadhimisha Ijumaa. Unakumbuka ilivyokuwa: ukumbi umejaa, wazee kwenye viti vya mbele, wachanga wamelazwa juu ya rundo la makoti, na mvuke wa bidos, ule mchuzi wa nyama ya kulungu, umetanda mpaka madirisha hayaonekani. Safari hii kila darasa lilibaki chumbani kwake, wazazi na wazee wakabaki majumbani, na wote tukaunganishwa kwa kompyuta. Darasa la Ravdna hata shuleni halikuwepo. Mwalimu wao alikuwa karantini, hivyo watoto wake walishiriki kila mmoja akiwa kwao.

Bidos ilipikwa shuleni kama kawaida, Áilu akaisambaza nyumba kwa nyumba kwa pikipiki ya theluji, akiburuta sufuria kwenye kijisleji cha kuteleza. Anaweka mlangoni, anagonga, anarudi nyuma. Mwaka huu karoti zilikuwa nyingi kuliko nyama. Zamani watu wangelalamika wote kwa pamoja mezani na kuyamaliza palepale. Sasa malalamiko yalikuja kwa simu, moja baada ya jingine, mpaka jioni, na si mimi niliyepika.

Aliyefungua sherehe ni mzee Heaika, wa ukoo wa Duommá, kama kila mwaka. Aliimba joik yote, ule wimbo wetu wa kale wa mto, mwanzo mpaka mwisho, akiwa amezima sauti. Tulikuwa tunaona kidevu kikitikisika na macho yamefumbwa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipomaliza, Bi Ragnhild akamwomba kwa adabu arudie. Heaika akakataa. Alisema imeshaimbwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Darasa la Ravdna nilikuwa nimewapa kazi ya kukata masikio ya kulungu kwa kadibodi, pamoja na alama ya kwao, yale mapengo ya kisu yanayoonyesha kulungu ni wa nani, kisha kila mmoja aionyeshe siku ya sherehe na aseme ni ya nani. Ni kazi tunayowapa kila mwaka. Watoto wenye alama zao wanakata zao, wasio nazo wanakata ya mzazi au ya babu. Kwa upande wa baba yake Ravdna ni watu wa pwani, kulungu wanawaona kwenye sahani tu, kwa hiyo yeye alikata ya Baba. Sikumtuma. Wala sikumkataza.

Usije ukasikia kwa Áilu, kwa hiyo nakuambia mwenyewe: nilitaka alama ile iwe ya Ravdna. Kulungu wa Baba waliobaki wanachungwa pamoja na wa Áilu, na Julai ndama watahitaji kukatwa masikio. Áilu ameniuliza si mara moja kwamba atawakata kwa alama ya nani, maana Baba hawezi tena kushika kisu na hajasema anamwachia nani. Alama isiyo na mtu hufutwa kwenye daftari la serikali, na ikishafutwa mtu mwingine anaweza kuiomba. Ravdna anajua kurusha kamba, anawatambua kulungu mmoja mmoja, na ndiye pekee katika nyumba yetu anayewaza habari za kundi kabla hajanywa chai. Wewe uliuza wako ukashuka kusini. Niliona hesabu ni rahisi.

Tatizo lilikuwa kwamba Baba alikuwa hasemi. Tangu tulipomzika Mama, masika iliyopita, alipungua maneno, na alipohamia nyumba ya wazee yakakoma. Anajua kwamba siku ya mazishi ulizuiliwa kule baharini na sheria za karantini. Nilimweleza. Hakunijibu, lakini hata nilipomweleza habari za hali ya hewa hakunijibu. Kutembelea ndani hakuruhusiwi, tunasimama nje dirishani, na Letay, yule mhudumu kutoka Eritrea, anamshikia simu sikioni. Mimi naongea, yeye anaangalia mto nyuma yangu. Daktari aliniandaa kwamba huenda akili imeanza kuondoka. Nikaanza kuzoea. Ni jambo baya kulizoea, lakini mtu huzoea.

Ijumaa hiyo Letay alimvalisha gákti na mkanda wake, akamkalisha mbele ya kompyuta pamoja na wazee wengine wawili, ambao walilala. Mimi nilikuwa darasani na watoto wadogo, namwona katika kijidirisha kidogo kwenye ukuta. Kofia ilikuwa imekaa upande. Nilitamani kuinyoosha.

Watoto wakaonyesha masikio yao mmoja mmoja, ikafika zamu ya Ravdna. Unajua kompyuta inavyokuonyesha sura yako kama kioo, kushoto kunakuwa kulia. Ravdna akainua kadibodi yake, akaitazama kwenye kioo chake, akaona masikio yamebadilishana. Akadhani ameishika kinyume. Akaigeuza nyuma mbele. Kwake ikakaa sawa, kwetu sote ikapinduka, na kijiji kizima kikamwona mjukuu wa Baba ameinua alama ya ukoo wa Duommá.

Sina haja ya kukukumbusha kwamba alama yao ni yetu iliyohamishwa masikio, na kwamba kwa sababu hiyo babu yetu na babu yao walikwenda kaburini bila kusalimiana. Heaika, ambaye wakati huo sauti yake ilikuwa imewashwa, alicheka.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akamwambia Ravdna. "Tumekungoja muda mrefu."

Ravdna hakuelewa. Akaendelea kutabasamu na kadibodi yake juu. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, kwa jinsi ilivyokuwa imekaa bila kutumiwa.

"Mtoto wa nani huyo anayeniwekea alama ya kina Duommá?"

Issát, alikuwa ni Baba. Alikuwa amesimama. Letay alimshika kiwiko, Baba akakitoa kama zamani alivyokuwa akikutoa wewe njiani.

Bi Ragnhild akasema kitu cha kutuliza, kwa Kinorwei, na Baba akampuuza kwa Kisaami. Akamwamuru mtoto aigeuze. Ravdna akageuza, uso umemwiva. Baba akasogeza uso karibu na skrini mpaka tukawa tunaona pua na jicho moja. Akasoma: sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto lina mapengo mawili kwa nyuma. Alisoma polepole, hakukosea.

"Hiyo ni ya Issát," akasema. "Mwambieni huyo mtoto aiache hapo alipoikuta."

Akakaa. Ravdna akazima kamera yake, na katika kijidirisha chake likabaki jina tu.

Sherehe iliendelea. Watoto wakubwa walikuwa uwanjani wakirusha kamba kwenye pembe, darasa moja moja, na matangazo yalisomwa. Mimi niliwasaidia wadogo kuvaa makoti yao, nikafunga vifungo vya watu ambavyo havikuhitaji kufungwa. Nilifurahi kwamba Baba ana akili zake, na nilikasirika kwamba amezitumia hivyo. Yote mawili kwa pamoja, na kwa kiasi sawa. Miezi yote ile nimesimama thelujini nikimsimulia dirishani, na siku aliyofungua mdomo alitaja jina lako.

Nyumbani nilimkuta Ravdna ameila bidos na kuacha karoti zote. Kadibodi ilikuwa ndani ya kikapu cha kuni. Sikuigusa. Aliniuliza kama Babu anamjua yeye ni nani. Nikamwambia anamjua. Akaniuliza kama mjomba Issát atarudi. Nikamwambia hilo sijui. Akasema, basi Babu anakutunzia wewe kitu ambacho hukitaki, na yeye anayekitaka ananyimwa, na hiyo ni akili ya wapi. Nami nilikuwa na swali hilo hilo.

Jumapili alitaka kwenda dirishani. Alikitoa kile kikadibodi kwenye kuni, akatia na mkasi mfukoni. Tulikuta baridi ya kukausha kope. Letay alituona akamleta Baba kwa kiti, akampa simu, na safari hii Baba aliishika mwenyewe.

Ravdna hakumsalimia vizuri, nakiri. Alikwenda moja kwa moja.

"Babu, mjomba Issát harudi. Ndama watakatwa na nani?"

Baba akaisogeza simu mdomoni.

"Arudi asirudi, hilo ni lake," akasema. "Alama nilimpa siku alipoanza kutembea. Kitu nilichompa mtu siwezi kumpa mwingine mpaka mwenyewe aniambie hakitaki. Kwa mdomo wake. Siyo kwa mdomo wa mama yako."

Hilo la mwisho aliliongeza kwa ajili yangu, na alikuwa ananiangalia.

Kisha akapulizia kioo pumzi. Kikafanya ukungu, naye akachora kwa kidole masikio mawili. Akaweka ncha iliyokatwa, akaweka mapengo mawili. Halafu, kwenye lile sikio lenye ncha iliyokatwa, akaongeza kipengo kimoja kidogo kwa mbele, jinsi watu wetu walivyowaongezea watoto wao siku zote ili alama zitofautiane na bado zijulikane ni za nyumba moja.

"Na hii ni yako," akamwambia. "Umechelewa kupewa. Nilikuwa nangoja uiombe."

Ravdna alikuwa ameshatoa mkasi. Akauleta karibu na kadibodi, akasita. Alikuwa nje, Babu yake yuko ndani, na mchoro kwa upande wetu ulikuwa umepinduka tena. Safari hii aliona.

"Kulia kwako au kwangu?" akauliza.

"Kwa kulungu, mjinga wewe," Baba akasema. "Siku zote kwa kulungu."

Akacheka. Kicheko cha Baba sikuwa nimekisikia tangu Mama alipokuwa hai. Letay naye akacheka, ingawa sidhani aliyapata maneno yote. Mimi nililia, machozi yakagandia kwenye utepe wa barakoa, nikaonekana kituko. Ravdna akakata kipengo chake pale pale, amevua glovu, akainua kadibodi dirishani, na Baba akatikisa kichwa kukubali.

Jumatatu nilijaza karatasi za kuomba alama ya Ravdna. Jumanne mzee Heaika akatuma ulimi wa kulungu uliokaushwa kwenda nyumba ya wazee, umefungwa vizuri, pamoja na ujumbe kwamba ni kwa ajili ya mkwe wao, kwa kuwa mjukuu, kwa kuinua alama yao, amekwisha kuolewa kwao. Baba aliula wote. Alisema una chumvi mno, kama vitu vyote vya kina Duommá, na akataka kujua kama watatuma mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ya kwangu yamekwisha na sasa ni yako. Nilikuwa nakusudia kukuandikia barua nyingine kabisa. Ingekuomba uniandikie mstari mmoja kwamba umeiachia alama, nimpelekee Baba, mambo yaende mbele. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Sasa siwezi kuiomba, na hata ukiutuma mstari huo sitaupeleka. Umesikia alivyosema.

Wala sitakuambia urudi. Una kazi, una maisha, na nadhani kuna mtu huko ambaye hujatuambia habari zake. Kama huitaki alama, huo si uhalifu. Mtu aweza kuwa mtoto wa Baba bila kuwa na kulungu hata mmoja. Lakini njoo uliseme hilo mwenyewe. Amekutunzia miaka yote uliyodhani amekukasirikia, na nadhani alikuwa amekukasirikia kweli, na bado akakutunzia.

Ndama wanakatwa Julai, kule juu, mahali pale pale. Wasafiri wakitakiwa kujitenga, kibanda cha uvuvi ni kitupu na kuni nitakuwekea. Dirisha la Baba ni la upande wa mto, lenye ua jekundu ndani. Usipige simu kwanza, atadhani ni watu wa serikali na fomu zao. Gonga kioo kwa kidole, anasikia vizuri kuliko wanavyodhani.

Ndani ya bahasha utakuta masikio mawili ya kadibodi. Ravdna amekukatia mapya, alama yako bila kile kipengo chake. Anasema uyatazame yalivyo, usiyapeleke kwenye kioo.

Áilu anakusalimu na anasema kamba yako bado inaning'inia kwake, panya hawajaila. Mkewe anakusalimu. Letay, ambaye hakujui, anakusalimu pia, kwa kuwa jina lako sasa analisikia kila siku. Hata Heaika alinisimamisha nje ya duka akaniuliza habari zako. Msalimie huyo ambaye hujatuambia.

Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu, akuondolee kikohozi, na barabara ya kuja huku aiweke wazi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata usipopokea simu,

Márgget

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimepita dirishani. Baba ameuliza kama kile kisu alichokutengenezea bado unacho. Nimemwambia sijui, akuulize mwenyewe utakapogonga. Amesogeza kiti chake karibu na kioo.